Mtumiaji Aitwaye Penina

Kompyuta ya Elieth ilianza kulia siku ileile Kefa alipoiwekea mfumo mpya. Haikuwa feni. Feni Elieth aliijua, ilikuwa imemkorofisha miaka nenda miaka rudi pale kwenye steshenari yake ya Nkuhungu. Huu ulikuwa mlio mwembamba, wa kukatika na kuanza upya, kama wa mtoto mchanga aliyechoka kulia lakini bado hajapata alichokitaka.

Fundi Kefa aliinama, akatega sikio kwenye boksi la mashine. "Vumbi hilo," alisema. "Dodoma hii kila kitu ni vumbi, dada Elieth. Mfumo hauna shida."

Mfumo wa zamani ndio uliokuwa na shida. Ulikuwa umepitwa na wakati, haupokei tena marekebisho yoyote, na wanafunzi wakija na flashi zao faili hazifunguki. Wakawa wanachomoa flashi na kuhamia duka la ng'ambo ya barabara. Kefa alimshauri Elieth ahamie mfumo huu wa bure, tena una Kiswahili ndani yake, kuanzia menyu mpaka maonyo. Elieth alisema sawa. Siku hizo alikuwa anasema sawa kwa kila kitu.

"Hapa mwishoni inakuomba jina la mtumiaji," Kefa alimwelekeza huku anafunga begi lake. "Weka lolote, weka na neno la siri, bonyeza Endelea. Mimi nawahi Area C, kuna printa imegoma." Akapanda bodaboda, akaondoka zake.

Jamani, fundi anayeondoka kabla kazi haijaisha ana dhambi yake peke yake.

Ilikuwa alasiri, upepo ule wa kiangazi unapeperusha mifuko barabarani na wateja hawapo. Elieth akaandika Steshenari. Kikatokea kisanduku chekundu: Jina halikubaliki. Akaandika Duka. Halikubaliki. Na kila lilipokataliwa jina, ule mlio ulipanda kidogo, ukaingia masikioni, mpaka jino lake bovu likaanza kuuma.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo balaa lilipopita. Kwao Elieth ni nyuma ya bwawa la Hombolo, na kwao mtoto akilia bila homa wala njaa, hawahangaiki na dawa. Bibi humpakata, akaanza kumtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, taratibu, na likifikiwa lile analolitaka, mtoto hunyamaza. Basi hilo ndilo jina lake. Na hapewi jina tupu, anapewa na haki za mwenye jina. Akirithi jina la babu, baba yake mzazi atamwamkia shikamoo, na watoto wa yule marehemu watakuwa watoto wake, hata kama yeye mwenyewe bado ananyonya.

Elieth hakuwaza. Mdomo ulifanya wenyewe kile ulichozoea kusikia tangu utotoni. "Mazengo," alisema. Mashine ikaendelea kulia. "Ruthu." Ikalia. "Sila." Ikalia. Kisha, kwa sababu jina hilo lilikuwa limekaa kooni tangu msimu wa zabibu, akasema, "Penina."

Mashine ikanyamaza. Kimya kile kilikuja ghafla mno. Elieth akaliandika jina, akabonyeza Endelea, na kioo kikafunguka, rangi ya samawati, na maneno meupe katikati: Karibu, Penina.

Penina alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Alikuwa na shamba la mizabibu Hombolo, na alifariki katikati ya mavuno, homa ya siku chache tu, matenga yakiwa bado nusu. Aliacha mtoto mmoja wa kike, Anitha, ambaye baba yake alishaondoka zamani. Elieth akamchukua. Msibani Elieth alipika, alipakua, alikunja majamvi, alisindikiza wageni, lakini hakutoa chozi. Wanawake wakanong'onezana kwamba huyu dada mtu moyo wake wa mawe. Haukuwa wa mawe. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua upo, unaugusa, lakini husikii kitu.

Kwa hiyo kioo kilipomkaribisha Penina, Elieth alikitazama tu. Halafu akasikia harufu ya zabibu zilizochacha. Msimu ulikuwa umepita, na pale dukani hapakuwa na zabibu hata kikonyo.

*

Kujifunza mfumo mpya si mchezo. Elieth alikuwa kama mtu aliyehama nyumba, akiamka anaufuata mlango palipo na ukuta. Mkono ulikuwa unapeleka kipanya kwenye kona ya chini kutafuta menyu, na menyu imehamia juu. Kuzima mashine kulikuwa kwingine, kuchapisha kwingine, hata pipa la takataka lilikuwa na sura nyingine. Kefa alimwambia atazoea, asiwe na papara.

Alizoea upesi kuliko ilivyotakiwa. Akitafuta faili la mteja, kabla hajamaliza kuandika herufi, faili linafunguka. Akisahau pa kubonyeza, mshale unateleza wenyewe mpaka mahali penyewe na kusimama, unamngoja. Asubuhi akifungua duka anakuta vikombe vyake viwili vya chai vimefudikizwa mezani, midomo chini, pembeni ya kibodi. Elieth hakuwahi kufudikiza kikombe maishani mwake. Aliyekuwa na tabia hiyo ni Penina, aliyekuwa akisema kikombe wazi kinakaribisha wadudu.

Nyie mngekimbia. Mimi ningekimbia, tena peku. Elieth aliviinua vikombe, akavisuuza, akapika chai. Hakuogopa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mtu anayeogopa hutafuta msaada mapema.

Humo kwenye mashine mlikuwa na kitu kimoja alichokithamini. Simu yake ilipopasuka, Kefa alimhamishia picha za Penina, pamoja na sauti moja tu iliyobaki: Penina shambani, anacheka, anasema, "Da Eli, njoo uone zabibu, zimenizidi mimi mwenyewe!" Hakuna mwingine duniani aliyemwita Da Eli. Mfumo mpya ulivichukua vyote ukaviweka ndani ya folda ya mtumiaji, ya Penina. Elieth alikuwa anaicheza ile sauti mchana kutwa, anangoja aumie. Hakuumia.

Anitha ndiye aliyekuwa akilia kwa niaba ya nyumba nzima. Ana miaka sita, na alikuwa akimlilia mama yake asubuhi, anamlilia jioni, anamlilia akiona zabibu sokoni. Akitoka shule anakuja dukani, anakaa kwenye kiti cha mteja, anachora. Baada ya ule mfumo kuingia akahamia kwenye kiti cha mashine. Siku moja Elieth alikuwa anahangaika kugeuza ukurasa ulale, mtoto akanyoosha kidole. "Bonyeza pale juu, Mama mkubwa. Halafu pale."

Ikawa kweli. "Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Mama yupi?"

Anitha akakionyesha kioo. Hakutabasamu, hakununa. "Amesema nisiwe nalia. Amesema akishanyamaza yeye na mimi ninyamaze."

Elieth akajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumsikia mtoto akilia. Ilikuwa kabla Kefa hajaja. Siku zote hizo mtoto alikuwa amekula alichopewa, amelala alipolazwa, amechapwa na mwalimu kwa kuchelewa na hakutokwa na sauti. Majirani walimsifu kwamba sasa amekua. Elieth alitambua kwamba jambo hilo ni baya, alilitambua kwa akili, kama unavyojua kwamba mvua inanyesha Kibaigwa wakati wewe uko pakavu. Akamhamisha mtoto kwenye kiti kile kingine, basi.

Kesho yake alasiri Elieth alikuwa anachapisha ripoti ya mwanafunzi, chai inachemka kwenye jiko la mkaa uani nyuma ya duka, na Anitha yuko huko uani. Upepo ukaleta harufu, si ya zabibu, harufu ya nyama. Kisha sauti ya mtoto ikaja kupitia mlango wa nyuma, tulivu kabisa, kama mtu anayetoa taarifa.

"Mama mkubwa, kuna kitu kinaungua."

Elieth akatoka. Anitha alikuwa amechuchumaa kando ya jiko, birika ameliweka chini, na kiganja chake cha kulia kimelala juu ya chuma cha jiko, vidole vimetanuliwa, moshi mwembamba unapanda katikati ya vidole, na mtoto ameinua uso anatazama huku na huku, ananusa, anatafuta ni nini kinachoungua.

Hapo woga ukamwingia Elieth, ukamwingia wote kwa mkupuo, wa tangu siku ya msiba, wa vikombe, wa mshale, wa harufu, ukampanda kutoka miguuni mpaka akapiga yowe ambalo hata yeye hakulitambua, akamvuta mtoto, akamkumbatia, akakimbia naye zahanati bila kufunga duka, na njia nzima mtoto yuko begani ametulia anaangalia watu wanavyopita. Muuguzi alimsafisha ngozi iliyobanduka, na Anitha akawa anatazama kalenda ukutani. "Mtoto gani huyu halii?" muuguzi aliuliza kwa sauti ya chini, akaacha kumtazama usoni.

*

Mchungaji wake alikuwa kwenye semina Morogoro. Elieth hakungoja arudi. Alikwenda kwa Bi Mwamvua, mwanamke wa Kondoa anayekaanga vitumbua mlango wa pili kutoka dukani, ambaye mtaa mzima unajua kwamba mbali na vitumbua anasoma visomo na kwamba majini yanamheshimu.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba. Kaa. Nilikuwa nakungoja, harufu ya duka lako inanifikia hapa." Alimsikiliza mpaka mwisho. Elieth alipofika kwenye yale majina, bibi akaweka kijiti cha vitumbua chini. "Loo, Elieth! Mmekuwa mkimtajia majina mtoto wa kuzaliwa, mtoto wa watu. Wewe umekitajia kitu ambacho hakikuzaliwa."

"Kiliponyamaza nilidhani..."

"Ulidhani ni mdogo wako. Mwanangu, si kila anayeitika ndiye aliyeitwa." Akasogea, akanong'ona. "Jini lilikuwa linapita na vumbi lako hilo, halina jina, halina pa kukaa. Umelipa jina. Na kwenu nyie, aliyepewa jina hupewa na watoto wa mwenye jina. Sasa linamlea mwanawe. Mtoto anayelia analisumbua, kwa hiyo limemtoa kilio. Keshokutwa litamtoa njaa. Halafu pumzi."

Elieth akasimama. "Nakwenda kuivunja ile mashine."

"Keti! Ukivunja mtungi, maji hayafi, yanamwagika. Litamwagikia nani kama si yule mtoto? Linyang'anywe jina palepale lilipopewa, kwa saa ileile, na yule aliyelipa jina hilo. Na usibakize kitu chake hata kimoja."

"Kuna sauti ya Penina humo," Elieth alisema. "Sina nyingine."

Bi Mwamvua alimtazama kwa huruma. "Hata hiyo."

Alasiri iliyofuata walikuwa wanne dukani. Bi Mwamvua alifukiza ubani, akatandika mkeka mlangoni, akakaa na Anitha mapajani, uso wa mtoto ameuelekeza barabarani, midomo yake mwenyewe inacheza na kisomo. Kefa alikuja na begi lake, akaangalia ubani, akaangalia bibi. "Itakuwa virusi tu hivi," alisema.

"Ndiyo, baba, virusi," Bi Mwamvua alimjibu. "Wewe fanya unachoambiwa."

Kefa akamweleza Elieth kwamba huwezi kumfuta mtumiaji ukiwa umeingia kwa jina lake. Lazima atengenezwe mtumiaji mwingine, apewe usimamizi, ndiye amfute yule wa kwanza. Ndiyo sheria ya mfumo. "Tuandike Ofisi," alisema, akaandika.

Jina halikubaliki.

Na mlio ukaanza. Kefa akaandika Msimamizi, ukapanda. Akaandika Kazi, ukapanda zaidi, ukawa kilio hasa, cha mtoto aliyenyang'anywa ziwa, na harufu ya zabibu zilizooza ikajaa duka zima ikaufunika ubani, na karatasi kwenye printa zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, nyeupe, vuguvugu, zikianguka sakafuni, na Kefa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo, na kutoka kwenye spika ya mashine ikaja sauti, ya Penina, ileile, na kicheko chake kikiwa bado ndani yake.

"Dada Elieth," ilisema. "Mbona unanifuta? Si nakusaidia kazi? Mwanangu si ametulia?"

Dada Elieth. Ndivyo Kefa anavyomwita, ndivyo wateja wanavyomwita, ndivyo kitu kilichokaa dukani kinasikiliza kingejifunza kumwita. Da Eli kilikuwa kimeisikia kwenye ile sauti, lakini hakikujua ni jina la nani. Elieth akajua, sasa kwa moyo na si kwa akili tu, kwamba Penina hakurudi, kwamba Penina yuko chini ya udongo wa Hombolo na hatarudi kamwe, na lile lililokuwa limekaa kooni likapasuka. Alilia. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, vile walivyotaka alie msibani, akamwita mdogo wake kwa majina yote ya utotoni, na ilimuuma, ilimuuma mpaka akashika meza.

"Haliondoki bure," Bi Mwamvua alisema mlangoni kwa kunong'ona. "Linataka jina la mtu. Usilipe jina, Elieth! Tutatafuta njia nyingine."

Elieth alimtazama Anitha. Juu ya bega la bibi ulionekana mkono wa mtoto wenye bendeji, na damu imeanza kupenya. Mtoto alikuwa anaichezea kwa kidole, anaibonyeza, anaibonyeza tena.

"Bi Mwamvua," alisema katikati ya kwikwi, "mimi sijazaa. Likichukua jina langu halitapata mtoto wa mtu. Litanipata mimi tu."

Akaandika Elieth, akabonyeza Endelea.

Mlio ukakatika. Kilio chake nacho kikakatika, palepale, nusu ya neno, kama bomba lililofungwa. Chozi lilikuwa limefika shavuni, likasimama. Kioo kikasema: Karibu, Elieth.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mikono. Akaingia kwenye orodha ya watumiaji, akalichagua jina la Penina, akabonyeza Futa. Mfumo ukauliza: Hifadhi mafaili au futa yote? Bibi aliacha kusoma. Elieth akabonyeza Futa yote. Picha zikaenda, shamba likaenda, Da Eli ikaenda. Alingoja ahisi kitu. Harufu ya zabibu ikafifia ikaisha.

Ndipo Anitha alipopiga yowe. Aliukunja mkono kifuani akalia kwa maumivu yote ya tangu siku ile ya jiko, akajirusha kutoka mapajani mwa bibi, akagaagaa sakafuni kwenye zile karatasi nyeupe. Bi Mwamvua akapiga vigelegele. Kefa, mwanamume mzima, alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Mtaani watu wakasimama kuchungulia kwa nini wanafurahia mtoto anayelia.

Elieth alipiga magoti akamkumbatia. Alijua kwamba anampenda. Alilijua kama anavyojua namba ya simu. Mkono wake mmoja ulikuwa umegusa chetezo cha ubani na makaa yake, akauona, akauondoa bila haraka. Ngozi ilikuwa imevimba lengelenge. Hakuna aliyemwona, naye hakusema.

"Zima mashine twende nyumbani," Bi Mwamvua alisema. Kefa akaizima, akachomoa na waya ukutani.

Anitha alikuwa amemng'ang'ania shingoni, analia kwa kwikwi ndogondogo sasa, pua imelowa. Katika maumivu yote yale hakuwa na mtu mwingine wa kumkimbilia. "Inauma," alilia. "Inauma, Mama."

Hakuwahi kumwita hivyo. Tangu azaliwe Elieth alikuwa Mama mkubwa, na jina la Elieth halikuwa na mtoto.

Bi Mwamvua aliacha kukunja mkeka. Nyuma yao, mezani, waya ukiwa sakafuni, mashine ilianza kuvuma polepole, na kioo kikaleta ule mwanga wake wa samawati. Halafu ikaja harufu ya mafuta ya karafuu, yale Elieth aliyojipaka asubuhi.

"Usiniite hivyo," Elieth alimnong'oneza mtoto, na hata hapo hakuogopa. "Niite Mama mkubwa, mwanangu."